Louis van Schoor wa East London: askari wa zamani aliyeua watu Weusi wasiopungua 39, na majalada yaliyomlinda

Mwana wa Rufiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila tunapojadili ukaburu humu jukwaani, mazungumzo huishia Sharpeville, Soweto na Robben Island, na wauaji tunaowataja huwa ni wale waliotumwa na serikali kuwamaliza wapinzani wake. Leo naomba tumzungumzie muuaji ambaye hakutumwa na mtu, hakujificha, hakuvaa barakoa, na ambaye baada ya kuua alitoa maelezo yake polisi, yakaandikwa, yakakubaliwa, kisha akarudi kazini usiku uliofuata. Jina lake ni Louis van Schoor. Kati ya mwaka 1986 na 1989, katika mji wa East London, Afrika Kusini, aliwapiga risasi watu zaidi ya 100, na wasiopungua 39 kati yao walikufa. Waliokufa wote walikuwa Weusi.

Hoja yangu katika uzi huu ni moja. Mtu mmoja hawezi kuua watu 39 kwa miaka mitatu, katika mji ambao si mkubwa, bila mamlaka kujua, na hawa walijua. Bastola ilikuwa ya Van Schoor, lakini kila kifo kilikamilishiwa mezani, kwa kalamu ya mpelelezi na ya hakimu. Ndiyo maana nasema tunapomtaja yeye peke yake tunawaacha nje washirika wake wakubwa.

Nianze na mahali penyewe. East London ni mji wa bandari kwenye Bahari ya Hindi, mdomoni mwa mto Buffalo, katika jimbo ambalo leo linaitwa Rasi ya Mashariki. Wakati ule katikati ya mji palikuwa pa Wazungu: maduka, migahawa, maghala na shule. Weusi waliishi Duncan Village, kitongoji kilichobanana karibu na mji, au Mdantsane, umbali wa kilomita zipatazo 20, mahali ambapo maelfu walihamishiwa kwa nguvu kuanzia miaka ya 1960. Mnamo Agosti 1985, baada ya mazishi ya wakili Victoria Mxenge, aliyeuawa nyumbani kwake kule Umlazi, Duncan Village iliwaka moto na vikosi vya serikali viliua watu wengi mitaani. Mwaka uliofuata ndipo Van Schoor alipoanza kupiga risasi. Wazungu wa mji walikuwa na hofu, Weusi walikuwa na njaa na hasira, na mtu aliyejitolea kusimama kati yao akiwa na bastola alionekana na upande mmoja kuwa shujaa.

Van Schoor alikuwa amelitumikia jeshi la polisi kwa miaka 12, katika kitengo cha mbwa. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza na kuwakamata waandamanaji na watuhumiwa, ambao karibu wote walikuwa Weusi. Akiwa mzee, alipohojiwa na Isa Jacobson, mtengenezaji filamu wa Afrika Kusini ambaye aliifuatilia habari hii kwa takriban miaka 20, alikifananisha kibarua kile na uwindaji, akaongeza kwamba tofauti ilikuwa aina ya kiumbe anayewindwa tu. Naomba msiyapite haraka maneno hayo, kwa sababu ni yake mwenyewe, na aliyatamka bila kushurutishwa.

Alipoacha polisi aliingia katika biashara ya ulinzi. Wenye biashara Wazungu walimlipa, naye akawafungia kengele za kimya. Tofauti ya kengele hii na ile ya kawaida ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kengele ya kawaida hulia palepale dukani, mwizi akashtuka na kukimbia, na mali ikapona. Kengele ya kimya haisikiki dukani kabisa. Inalia kwa mlinzi, na aliyevunja anaendelea na shughuli yake akidhani yuko salama. Kwa mlinzi anayetaka kumkamata mtu na kumfikisha mahakamani, chombo hicho kina faida yake. Kwa Van Schoor kilikuwa mtego. Alikwenda mara nyingi peke yake, usiku, bila viatu, kwa sababu viatu hulia kwenye sakafu ya vigae. Hakuwasha taa. Alisema kwamba mtu aliyevunja jengo hutoa harufu kwa ule mshtuko alionao, na kwamba yeye aliweza kuifuata harufu hiyo gizani. Bastola yake ilikuwa ya milimita 9, na risasi zake zilikuwa za aina yenye tundu kwenye ncha, ambazo hupanuka zikiingia mwilini na kuchana nyama za ndani.

Tarehe 11 Julai 1988 mvulana wa miaka 14 alivunja mgahawa akitafuta chenji. Alipomwona Van Schoor na bastola yake alijificha chooni. Kwa maelezo ya mvulana huyo, aliitwa atoke, akaamriwa asimame kando ya ukuta, kisha akapigwa risasi mfululizo. Alipoanguka aliamriwa asimame, naye hakuweza. Alipigwa teke la mdomo, akanyanyuliwa, akaegemezwa kwenye meza, akapigwa risasi tena. Mvulana huyo hakufa. Alieleza yaliyompata na hakuna aliyemsadiki, na aliyefunguliwa mashtaka alikuwa yeye, kwa kosa la kuvunja na kuingia.

Nitaendelea na upande wa sheria, ambao ndio kiini. Karibuni mchangie.

Kalamu ya Kaskazini

Mkuu, nakushukuru kwa uzi mzito. Hata hivyo nina swali la haki kabisa. Kwa maelezo yako mwenyewe Van Schoor alikuwa amekwishaacha upolisi alipoanza kuua. Je, si kulionea jeshi zima kulibebesha matendo ya mlinzi wa kampuni binafsi? Na jambo la pili, ambalo najua halitawafurahisha wengi: waliouawa walikuwa wamevunja maduka ya watu usiku. Sisi wenyewe huku kwetu mwizi akikamatwa mtaani hali yake huwa mbaya. Kwa nini tuliite jambo hili mauaji ya ubaguzi wa rangi badala ya kuliita mapambano na uhalifu yaliyopita kiasi?

Mama Tunu

Kalamu ya Kaskazini, mwanangu, soma tena habari ya yule mtoto wa miaka 14. Mtoto amejificha chooni, ameitwa ametoka, amesimama ukutani kama alivyoamriwa. Wizi ulikuwa umekwisha pale. Kilichofuata hakikuwa na uhusiano wowote na mali ya mwenye mgahawa.

Mwana wa Rufiji

Mama Tunu, ahsante, umenipunguzia kazi. Kalamu ya Kaskazini, maswali yako yote mawili ni ya msingi na nitayajibu kwa pamoja, kwa sababu majibu yake yamo ndani ya sheria ileile.

Afrika Kusini ya wakati huo ilikuwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai namba 51 ya mwaka 1977. Kifungu cha 49 cha sheria hiyo kilisema kwamba mtu mwenye mamlaka ya kumkamata mtuhumiwa wa kosa lililotajwa katika Jedwali la Kwanza, akishindwa kumkamata au kumzuia asikimbie kwa njia nyingine yoyote, akimuua, kifo hicho kitahesabiwa kuwa kimefanyika kihalali. Jedwali hilo halikutaja makosa mazito peke yake kama uhaini, mauaji na ubakaji. Wizi ulikuwemo, na kuvunja jengo kwa nia ya kutenda kosa kulikuwemo pia. Na mamlaka ya kukamata hayakuwa ya polisi tu. Raia yeyote aliyemwona mtu akitenda kosa la aina hiyo alikuwa nayo. Kwa hiyo mlinzi wa kampuni binafsi aliingia dukani usiku akiwa amebeba kinga ileile aliyokuwa nayo alipovaa sare.

Van Schoor alikijua kifungu hicho kama anavyokijua mtu aliyekifanyia kazi kwa miaka 12. Alijua nini kinapaswa kuandikwa katika maelezo ili jalada lifungwe: kwamba alijitambulisha, kwamba alimwamuru mtu asimame, kwamba mtu huyo alikimbia au alimrukia, na kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mtu wa pili aliyeweza kusema vinginevyo alikuwa amelala sakafuni amekufa, au alikuwa hospitali chini ya ulinzi akisubiri kushtakiwa kwa wizi, na neno lake lilikuwa neno la Mweusi mhalifu dhidi ya askari wa zamani.

Maelezo hayo yalipokelewa na nani? Yalipokelewa na wenzake. Hapa ndipo ninapokataa kwamba tunalionea jeshi la polisi. Waliofika kwenye tukio walikuwa watu aliofanya nao kazi, wanaomwita kwa jina lake la kwanza. Mara nyingi ushahidi ambao mpelelezi yeyote angeukusanya haukukusanywa, na hakuna aliyeuliza inakuwaje mtu anayedaiwa kuwa mbioni akutwe na majeraha ambayo hayalingani na kukimbia. Van Schoor mwenyewe alieleza uzeeni kwamba askari wote wa East London walijua kinachoendelea, na kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kuwa anakaribia kuvuka mpaka. Kwake maneno hayo yalikuwa utetezi. Mimi nayasoma kama ushahidi dhidi ya kituo kizima.

Baada ya polisi, jalada lilikwenda kwa hakimu, chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo namba 58 ya mwaka 1959. Kila kifo kisicho cha kawaida kilipaswa kuchunguzwa na hakimu, na kwenye karatasi hicho ni kinga nzuri kwa raia. Hata hivyo hakimu aliweza kuamua kwa kuyasoma maelezo ya viapo yaliyoletwa na polisi, bila kumwita shahidi na bila familia kuwepo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa inawezekana mtu mmoja kuonekana mbele ya ofisi ileile mara kwa mara, kila mara kama mwuaji wa mtu mwingine, na kila mara jibu likawa kwamba hakuna wa kulaumiwa.

Tusidhani kwamba jambo hilo lilianza na Van Schoor. Steve Biko, mwanaharakati mashuhuri wa kupinga ukaburu, alikuwa mtu wa Ginsberg, King William's Town, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka East London. Alikufa tarehe 12 Septemba 1977 akiwa mikononi mwa polisi, akiwa amejeruhiwa ubongo, baada ya kusafirishwa uchi na akiwa na pingu nyuma ya gari kutoka Port Elizabeth hadi Pretoria. Hakimu aliyechunguza kifo hicho, Marthinus Prins, aliamua kwamba hakuna mtu aliyethibitika kuhusika na kosa lolote. Ikiwa mtu ambaye magazeti ya dunia nzima yalimwandika alipata jibu hilo, kijana asiyejulikana wa Duncan Village aliyekutwa ghalani angepata lipi?

Kuhusu wizi, ndugu yangu, sitabishana nawe kwamba walioingia wote walikuwa wasafi. Wengi walikuwa wamevunja, na wengine walikuwa watoto waliokuwa na njaa. Lakini kuiba chenji hakujawahi kuwa kosa la kunyongwa hata katika mahakama za makaburu. Na ubaguzi hapa hatuutafuti moyoni mwa mtu, bali katika matokeo: watu zaidi ya 100 wamepigwa risasi, wasiopungua 39 wamekufa, na hakuna Mzungu hata mmoja katika orodha ya waliokufa. Van Schoor alikana mpaka mwisho kwamba alikuwa mbaguzi, akasema hakuwahi kutoka nyumbani kwa nia ya kuua Weusi, ingawa alikiri kwamba kuwanyatia gizani kulimsisimua. Mimi sihitaji akiri zaidi ya hapo.

Na hiyo hali ya mwizi wa mtaani kwetu uliyoitaja ni aibu yetu, haiwezi kuwa utetezi wake.

Wakili Kijana

Naomba kuongeza jambo kuhusu kifungu cha 49, kwa sababu hatima yake inahusiana moja kwa moja na hoja ya mwanzisha uzi. Kifungu hicho hakikufa siku Mandela alipoapishwa. Kiliendelea kutumika hadi tarehe 21 Mei 2002, ambapo Mahakama ya Katiba, katika shauri linalojulikana kama Walters, ilitamka kwamba ile sehemu iliyoruhusu kuua ni batili. Mazingira ya shauri hilo yatawashangaza: baba na mwanawe waliwapiga risasi watu wawili waliokuwa wamevunja duka lao la mikate mjini Lady Frere, na mmoja wao akafa. Lady Frere iko katika jimbo lilelile la Rasi ya Mashariki. Mahakama ilieleza kwamba lengo la kumkamata mtu ni kumfikisha mahakamani na si kumwadhibu, na kwamba nguvu ya kuua inaweza kutumika dhidi ya mtuhumiwa anayekimbia pale tu anapotishia kuwadhuru watu kwa ukali, au anaposhukiwa kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa lililoleta madhara makubwa mwilini, na hapana njia nyingine ya kumkamata. Kwa kipimo hicho, mvulana wa mgahawa asingeweza kuguswa.

Bahari ya Chumvi

Wakuu, ninafuatilia kwa makini. Mimi nilimkumbuka Barend Strydom, yule aliyejiita Mbwa Mwitu Mweupe. Naye alikuwa askari polisi wa zamani, na mwaka ni uleule wa 1988. Kwa nini dunia inamjua Strydom zaidi wakati aliowaua ni wachache mno kuliko 39?

Mwana wa Rufiji

Bahari ya Chumvi, umegusa mahali nilipotaka tufike.

Tarehe 15 Novemba 1988, mchana kweupe, Barend Strydom, kijana wa miaka 23 aliyekuwa ameacha upolisi, alitembea katika uwanja wa Strijdom katikati ya Pretoria akimpiga risasi kila Mweusi aliyekutana naye. Aliua watu wasiopungua 7 na kuwajeruhi wengine wengi. Alikamatwa siku hiyohiyo na mwaka 1989 alihukumiwa kifo. Mwaka 1990 Rais de Klerk alisitisha unyongaji, kwa hiyo hakunyongwa, na mwaka 1992 aliachiliwa pamoja na wafungwa wengine waliohesabiwa kuwa wa kisiasa, katika mazungumzo kati ya serikali na ANC. Uwanja ule, uliokuwa na jina la waziri mkuu wa makaburu, leo unaitwa uwanja wa Lilian Ngoyi, mmoja wa wanawake walioongoza maandamano ya tarehe 9 Agosti 1956 hadi Majengo ya Muungano.

Strydom anajulikana kwa sababu aliua hadharani, bila kisingizio, na serikali ya makaburu yenyewe ililazimika kumkana. Alivunja sheria yao. Van Schoor aliitumia. Mwezi Julai wa mwaka huohuo mtoto alikuwa amepigwa risasi mgahawani East London na hapakuwa na kamera, hapakuwa na umati, palikuwa na jalada tu. Mahakama za nchi ileile ziliweza kumhukumu mmoja kifo na kumwacha mwingine aendelee na kazi yake kwa kuwa mmoja aliua barabarani na mwingine aliua ndani ya jengo la mteja.

Yupo na wa tatu, Eugene de Kock, kamanda wa kikosi cha polisi kilichokaa katika shamba la Vlakplaas karibu na Pretoria, aliyehukumiwa mwaka 1996 vifungo viwili vya maisha na miaka 212 juu yake, akatoka kwa msamaha wa masharti mwaka 2015. Huyo simjadili sana hapa kwa kuwa aliua kwa maagizo na waliolengwa walikuwa wapinzani wa kisiasa. Namtaja ili mwone kwamba polisi ya makaburu ilizalisha wauaji wa namna mbalimbali, na kwamba aliyedumu muda mrefu bila kusumbuliwa na mwenye cheo, bila siri na bila gharama kwa serikali ni yule wa East London.

Mama Tunu

Na Wazungu wa mji walisemaje? Haiwezekani miaka mitatu ipite na majirani wasijue.

Mwana wa Rufiji

Mama, walijua, na wengi walifurahi. Magari yalibandikwa vibandiko vya kumpongeza, vilivyoandikwa kwamba wanampenda Louis, vikiwa na mchoro wa moyo uliotobolewa na risasi. Fikiria mfanyakazi wa ndani kutoka Mdantsane, ambaye pengine kijana wake ni miongoni mwa waliouawa, akifungua geti asubuhi na kukuta kibandiko hicho kwenye gari la mwajiri wake.

Lakini si wote. Waandishi wachache wa gazeti la mji, Daily Dispatch, pamoja na watetezi wa haki za binadamu, walianza kuuliza maswali ambayo hakimu hakuyauliza. Ni gazeti lilelile ambalo mhariri wake wa zamani, Donald Woods, alilazimika kuikimbia nchi baada ya kifo cha Biko. Walitafuta familia, wakatafuta walionusurika, wakaweka matukio yaliyotawanyika katika majalada tofauti kwenye ukurasa mmoja. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba si tukio la bahati mbaya lililojirudia.

Van Schoor alikamatwa mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya Mandela kutoka gerezani. Sioni kwamba ni sadfa. Ushahidi ulikuwepo tangu mwaka 1986. Kilichobadilika ni upepo wa siasa. Kesi ilisikilizwa mwaka 1992 mbele ya Jaji Lionel Melunsky, na Van Schoor akatiwa hatiani kwa mauaji 7 na majaribio 2 ya kuua. Jumla ya miaka aliyohukumiwa ilizidi 90, lakini vifungo viliamriwa viende pamoja, hivyo kwa hesabu ya gereza ilikuwa miaka 20. Alikaa 12. Mwaka 2004 aliachiliwa, akaishi mjini humohumo, na mnamo Julai 2024, siku chache baada ya BBC kurusha kazi ya Jacobson iliyomhoji, alifariki dunia.

Vifo vingine 32 vilibaki vimeandikwa vilevile kama polisi walivyoviandika, kwamba ni vya halali.

Kalamu ya Kaskazini

Mkuu, nimekusoma na nakubali kwamba swali langu la kwanza umelijibu. Nilichobaki nacho ni hiki: kwa nini Tume ya Ukweli na Maridhiano, ile iliyochunguza maovu ya enzi ya ukaburu, haikuwaita wale askari na mahakimu? Na sasa kwa kuwa muuaji mwenyewe amekufa, kuna njia yoyote iliyobaki kwa familia hizo 32?

Wakili Kijana

Kwa ruhusa ya mwanzisha uzi nitajibu sehemu ya sheria.

Msamaha wa Tume ya Ukweli na Maridhiano ulihusu makosa yenye lengo la kisiasa, yaliyotendwa kati ya tarehe 1 Machi 1960 na tarehe 10 Mei 1994. Mlinzi wa kampuni aliyedai kwamba anapambana na wezi hakuingia kirahisi katika mlango huo, na waliokufa hawakuwa na chama cha kuwasemea.

Kuhusu njia iliyobaki, ipo, ingawa ni nyembamba. Kosa la mauaji halina ukomo wa muda wa kushtakiwa nchini humo, lakini marehemu hashtakiwi. Kinachowezekana ni kufungua upya uchunguzi wa kifo chini ya kifungu cha 17A cha Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, ambapo waziri mwenye dhamana ya sheria anaomba jaji ateuliwe kuliangalia jalada la zamani. Njia hiyo imeshazaa matunda. Ahmed Timol alikufa tarehe 27 Oktoba 1971 kwa kuanguka kutoka ghorofa ya juu ya kituo cha polisi cha John Vorster Square mjini Johannesburg, na mwaka 1972 hakimu akasema kwamba alijiua. Familia yake haikunyamaza, na mwaka 2017 Jaji Billy Mothle aliamua kwamba aliuawa na polisi. Mwaka uliofuata askari mstaafu, Joao Rodrigues, alishtakiwa, ingawa alifariki mwaka 2021 kesi ikiwa haijasikilizwa. Uamuzi wa namna hiyo ulitolewa tena mwaka 2022 kuhusu daktari Neil Aggett, aliyekufa mwaka 1982 katika jengo hilohilo.

Mwana wa Rufiji

Nakushukuru sana, Wakili. Niongeze jambo moja ambalo linaitofautisha hali ya familia za East London na hizo ulizozitaja. Timol na Aggett walikuwa wanaharakati wanaojulikana, na familia zao zilikuwa na mawakili, marafiki na kumbukumbu. Zipo familia za East London ambazo hazikuarifiwa ndugu yao alipouawa, zikaja kupata habari baadaye, na zilipotafuta kaburi hazikulipata kwa sababu alizikwa na manispaa kama maiti isiyo na mwenyewe. Ili kuomba jalada lifunguliwe unahitaji kwanza kujua kwamba jalada lipo, tarehe ya kifo, na jina ambalo polisi walimwandika nalo marehemu, ambalo huenda likawa limekosewa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko mahakamani. Iko katika nyaraka za mahakama na polisi za East London, ambako baadhi ya maelezo aliyoyaandikisha Van Schoor yamehifadhiwa pamoja na ripoti za madaktari waliopasua maiti. Yakilinganishwa, jalada kwa jalada, maelezo ya muuaji upande mmoja na njia iliyopita risasi upande wa pili, itajulikana nani alikuwa anakimbia na nani alikuwa amesimama ukutani. Na kila maelezo chini yake yana saini ya askari aliyeyapokea. Huenda baadhi yao bado wako hai.